Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: gesi iliyobaki ni kiasi gani?

Mheshimiwa Waziri,

Kila inapozungumzwa gesi ya Tanzania tunatajiwa futi za ujazo trilioni 57.54. Siipingi namba hiyo. Naomba tuelezwe maana yake.

Hayo ni makadirio ya gesi iliyokuwamo ndani ya miamba ilipogunduliwa. Si yote inayoweza kutolewa, wala si iliyobaki. Gesi ya Songo Songo (Lindi), iliyogunduliwa mwaka 1974, inatolewa tangu 2004, na ya Mnazi Bay (Mtwara) tangu 2006. Miaka yote hiyo tumechota, tumezalisha umeme na kuendesha viwanda, lakini namba tunayotangaziwa iko palepale. Tena trilioni 47.13 kati ya hizo ziko bahari ya kina kirefu, ambako uzalishaji haujaanza kabisa. Kitaalamu, gesi isiyo na mradi ulioamuliwa wala soko la kuilipia haihesabiwi kuwa akiba. Kuijumlisha na ya Songo Songo ni kujumlisha hela iliyo mfukoni na deni ambalo hujalipwa.

Kwa visima vinavyozalisha tuna kipimo kizuri zaidi. Gesi inapotoka, mgandamizo chini ya ardhi hushuka. Ukilinganisha kiasi kilichotoka na mgandamizo ulioshuka, unakadiria kilichosalia kwa uhakika kuliko siku ya ugunduzi (ingawa maji yakipenya kwenye mwamba na kuusukuma, hesabu hiyo hupotosha, na wataalamu wetu wanalijua hilo).

Poland iliwahi kuumizwa na namba. Mwaka 2011 taasisi ya Marekani iliikadiria gesi yake ya miamba tope (iliyonaswa ndani ya miamba migumu iliyotokana na tope) kuwa mita za ujazo trilioni 5.3. Mwaka uliofuata wanajiolojia wa Poland wenyewe walisema huenda ni kati ya bilioni 346 na 768. Kampuni kubwa zilichimba, kisha zikaondoka.

Ombi langu, Mheshimiwa: kila mwaka, kwa kila kitalu, tangazeni gesi iliyokuwamo, inayoweza kutolewa, iliyokwisha kutolewa na iliyobaki, pamoja na jina la aliyekadiria. Na kadirio lisiwe moja. Liwepo la chini lenye uhakika mkubwa, la kati na la juu. Mimi nalitaka zaidi lile la chini, maana mitambo ya umeme na majiko ya gesi yatadumu miaka mingi, na bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam tumeshalijenga, na vyote hivyo vinategemea gesi ya uhakika. Hata kadirio hilo likiwa dogo kuliko tulivyozoea kusikia, litangazwe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi