Mdogo wangu, wanao wasomee Pinocchio ya kitabuni

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Uliniambia wanao wameshaiona filamu ya Pinocchio, yule mwanasesere wa mbao anayegeuka mtoto wa kweli, basi kitabu cha nini tena, na isitoshe kinatisha. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wazazi wengi wana rai kama yako, hata hapa Malindi, mji ambao Kitaliano kinasikika sokoni na ufuoni.

Kutisha kinatisha. Carlo Collodi alianza kuitoa hadithi hii mwaka 1881, kipande kwa kipande, katika gazeti la watoto la Italia, na kwanza aliikomesha pale Pinocchio anaponyongwa mtini. Baadaye akaiendeleza, kitabu kizima kikatoka 1883. Yule nyenje anayeimba katika filamu ya Disney ya 1940, kitabuni anatupiwa nyundo na kufa katika sura ya nne.

Lakini hayo si makubwa. Kikubwa ni njaa, na filamu imeifuta. Humo Geppetto, mzee aliyemchonga Pinocchio, ana nyumba iliyojaa saa za mbao, ana paka, ana samaki wa kufuga. Kitabuni ni seremala hohehahe: moto wa nyumbani kwake umechorwa ukutani, na chungu kilicho juu ya moto huo kimechorwa pia, pamoja na mvuke wake. Mtoto akilia njaa, mzee anampa peasi tatu alizojiwekea mwenyewe. Mtoto anadeka, anataka zimenywe. Zinamenywa. Zikiisha, anakula maganda, kisha vile viini alivyoapa hatavigusa. Halafu theluji inaanguka, na mzee anaenda kuuza koti lake ili mwanawe apate kitabu cha alfabeti. Mimi nawe tumelelewa na watu wa namna hiyo, mdogo wangu, ndiyo maana sura hizi zinanishika koo.

Picha za bahari katika ile filamu ni nzuri mno, sikatai. Ila mwisho wake ni wa haraka: moto tumboni mwa nyangumi, chafya, Pinocchio anakufa akimwokoa baba yake, anafufuliwa. Collodi ametia papa, mkubwa ajabu, mzee, mwenye pumu, anayelala kinywa wazi. Baba na mwana wanatoka kimyakimya usiku, na jodari anawabeba hadi pwani.

Hapo ndipo inapoanza sehemu ninayoipenda kuliko zote. Geppetto ni mgonjwa, anahitaji maziwa. Mwenye shamba anataka atekewe ndoo mia moja za maji kwa gilasi moja. Pinocchio anateka, zaidi ya miezi mitano, anasuka na vikapu, usiku anajifunza kusoma na kuandika. Wanao wanateka maji kisimani. Ndoo mia wataielewa bila kuelezwa. Fedha alizoweka anunue koti anazitoa zote zimsaidie bibi wa nywele za buluu, kichimbakazi mlezi wake, baada ya kuambiwa kuwa bibi huyo yuko hospitali. Usiku huohuo ndipo anapogeuka mtoto wa kweli.

Sura ni 36, nyingi fupi. Walete kwa mamkubwa wao likizo ya Agosti, tutasoma moja kila jioni. Ile ya kunyongwa nitaisoma mchana, nawe ukiwepo.

Dadako