Saruji inayamaliza makaburi ya wazee wetu Kilwa

Ndugu Mhariri,

Kwenye baraza ya msikiti wa kijijini kwetu, si mbali na Kilwa Masoko, kuna mifuko 14 ya saruji imefunikwa turubai. Nimeihesabu mwenyewe. Inangoja masika yakatike ikakandikwe kwenye makaburi ya kale yaliyoko ufukweni, yale ya kuta za matumbawe ambayo babu zetu waliyakuta na wao hawakujua aliyeyajenga. Kamati iliyochangisha fedha ina nia njema. Hata mimi nilitoa changu kabla sijauliza kinakwenda kununua nini, na hilo ni kosa langu.

Nimeshaona kazi ya saruji. Miaka kadhaa nyuma ukuta mmoja wa makaburi hayohayo ulipigwa lipu ya saruji, ukanyooka vizuri, watu wakapongezana. Mwaka jana niliugonga kwa kidole ukalia kama debe tupu. Nikashika ukingo wa ufa, nikavuta kidogo tu, likabanduka bamba kubwa kama sinia. Nyuma yake jiwe lilikuwa limegeuka unga mweupe. Niliuonja: chumvi. Saruji yenyewe ilikuwa nzima kabisa, kaburi ndilo lililokwisha.

Sababu yake waashi wa zamani waliijua bila kusomea. Tumbawe lina vitundu, linakunywa. Ukuta wa pwani unakunywa mvua, umande na chumvi ya bahari usiku kucha, jua likitoka unapumua. Chokaa ni laini kuliko jiwe na inapitisha unyevu. Ikichoka inapukutika yenyewe, unakandika nyingine, jiwe limesalimika. Saruji ni ngumu kuliko jiwe na inaliziba pumzi. Maji yanabaki ndani, chumvi inaganda kwenye vile vitundu na kulipasua jiwe toka tumboni.

Anayetaka kuielewa Kilwa asianzie kwenye magofu, aanzie ufukweni siku ya bamvua, maji yakishakupwa. Mwamba unabaki wazi, umechongoka hata kinamama wanaokwenda kuchokoa pweza hawathubutu kuukanyaga bila raba. Ukiteleza unaacha ngozi palepale. Ni mwamba huohuo unaopanda hadi kwenye genge la Kilwa Kisiwani linapokaa Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la mwanzoni mwa miaka ya 1300, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane lililoelekea baharini. Mawe ya ukuta yalichimbwa nchi kavu. Ya nakshi, kwa ajili ya mihirabu na fremu za milango, yalitolewa baharini yakiwa mabichi, yakachongwa yangali laini, kisha upepo ukayakausha yakawa magumu. Na kilichoyashika yote hayo ni chokaa, yaani tumbawe lilelile lililopita motoni. Ukuta mzima ni kitu kimoja, ndiyo maana haugombani wenyewe kwa wenyewe. Msikiti Mkuu wa Kisiwani ulianzwa karne ya 11, na kuna kuba zake ambazo mpaka leo unaweza kusimama chini yake ukasali.

Msafiri Ibn Battuta alifika Kisiwani mwaka 1331 akausifu mji huo. Wareno wakafika mwaka 1505 wakaupora. Mwaka 1981 UNESCO iliyaingiza magofu ya Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia, mwaka 2004 ikayatangaza kuwa hatarini, na mwaka 2014 ikayaondoa kwenye hatari hiyo. Tulishangilia, na tulistahili. Lakini huku vijijini kuna makaburi na visikiti visivyo kwenye orodha ya mtu yeyote, na huko ndiko mifuko ya saruji inakopelekwa.

Najua nitakavyojibiwa: chokaa inakula matumbawe na mikoko. Ni kweli. Baba yangu alikuwa mwashi. Tanuri lake alilipanga kwa magogo ya mikoko, na matumbawe aliyapakia mtumbwini yakiwa hai. Sitetei hilo hata kidogo. Gereza la Kisiwani, ile ngome ya kale, limeliwa na mawimbi upande wa baharini, na sisi tunaoishi hapa tunajua mikoko ikikatwa wimbi halina wa kulizuia. Lakini hapa hatujengi mji. Kaburi linahitaji magunia machache. Jiwe la nchi kavu lipo, vifuu na makumbi ya nazi vipo, minazi iliyozeeka inaangushwa kila mwaka. Hata chokaa ya dukani, ile ya kupakia nyumba, ikilowekwa wiki kadhaa kabla ya kuchanganywa, ni afadhali kuliko kile kilichoko chini ya turubai.

Kilichotupungukia ni mikono. Kijijini amebaki mwashi mmoja wa chokaa, na macho yake yameshafifia. Mwezi uliopita nilimpelekea mchanga kwenye kopo. Alichukua punje kidogo akaweka ulimini, akatema. “Wa pwani huu,” akasema, “rudisha.” Akanielekeza korongo la kwenda kuchota mwingine, ng'ambo ya mashamba ya korosho. Vijana wetu tumewafundisha kuwatembeza wageni na kuwahesabia masultani, na ni jambo zuri, lakini hakuna hata mmoja anayeweza kuonja mchanga.

Naiomba idara inayohusika na mambo ya kale itutumie mtu, hata kwa siku mbili, azungumze na kamati kabla masika hayajakatika. Mimi ni mtoto wao, maneno yangu wameyazoea. Mzee yuko tayari kufundisha vijana wawili. Anachotaka ni kiti chenye kivuli na mtu wa kumchotea maji. Ile mifuko 14 haitapotea. Madrasa haina choo.

Mtoto wa mwashi,
Kilwa Masoko