Ulisema "inanuka"

Mdogo wangu,

Tangu siku ile tulipogawa vitu vya mama, mimi na wewe tumebaki na mazungumzo ya aina mbili: watoto, na michango ya kujengea kaburi. Ukipiga simu unaanza na "shikamoo dada" ya haraka haraka kama mtu anayelipa deni, unasema lililokupigisha, unakata. Nimeona bora niandike hapa. Najua huwa unasoma. Ile habari yangu ya miche ya parachichi uliilaiki saa saba usiku, ukaiondoa laiki yako saa saba na dakika tano. Niliona.

Nataka tuongee ile chupa. Sitaki kuongea cherehani. Cherehani ulipewa wewe, na mimi ndiye niliyekuwa nikiitia mafuta miaka yote uliyokuwa Dar, lakini sikusema neno. Wala sitaki kuongea sweta la kijani ambalo mtu, simtaji, aliondoka nalo limo mwilini kabisa. Chupa tu.

Unakumbuka ilivyokuwa. Julai ya Uyole, huku kwetu Mbeya, ukungu umeshuka mpaka kwenye mlango wa jikoni, shangazi kalivutia kwake jiko la mkaa, sisi tumebanana kwenye mikeka. Vitenge vimekwisha, vikombe vimekwisha. Mama mdogo akaingiza mkono chini kabisa ya sanduku akatoa soksi ya baba, na ndani ya soksi ile chupa. Njiwa wawili wa kioo juu ya kizibo, chini yamebaki manukato ya kimo cha ukucha, rangi imeshakuwa kahawia.

Shangazi alianza kunusa, akasema hii ni harufu ya mzungu mzee. Mama mdogo akasema hapana, hii ni Krismasi. Mke wa mjomba akasema sabuni, ile ya zamani ya kufungwa kwenye karatasi laini. Wifi yetu wa Tanga ndiye aliyefumba macho. "Langilangi," akasema, "na asumini. Kumbe watu wa bara mnazo!" Watu wakacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, na mimi nikacheka. Kisha chupa ikafika kwako. Hukuisogeza hata puani. Ulivuta ncha ya kitenge ukaziba pua, ukasema, "Toeni hiyo, inanuka dawa ya jino."

Inanuka. Dagaa walioloa hunuka. Viatu vya shule hunuka. Wewe ni mtu wa lugha, umesomeshwa, unajua tofauti ya kunuka na kunukia, na mama hakuwa amemaliza wiki sita ardhini.

Nikaichukua. Ndiyo, sikuomba. Niliirudisha kwenye soksi, nikaitia kwenye pochi, na wewe ukasema mbele ya shangazi, "Si mnamwona, keshaanza." Keshaanza nini? Hadi leo najiuliza ulikuwa unamalizia nini pale kichwani.

Wewe ulikuwa hujazaliwa chupa ilipoingia nyumbani. Ilikuwa miaka ile ambayo hata sabuni ya kufulia ilikuwa ya kupanga foleni, na baba yuko kwenye treni za TAZARA, anakwenda Kapiri Mposhi na kurudi. Watu wa kwetu huvusha Zambia mizizi ya okidi, yale maua ya porini ya Kitulo, ikapikwe chikanda, chakula cha kule. Yeye akavusha maua kuja huku, ndani ya kioo. Jina lake ni L'Air du Temps, la Nina Ricci wa Paris. Baba alikuwa akilitamka "Leri di Tempusi", kwa kujiamini sana, na mama hakumsahihisha maisha yake yote. Mama aliiita Njiwa tu. Nimekuja kusoma baadaye kwamba manukato hayo yalitoka mwaka 1948, vita vya pili vikiwa vimekwisha juzi tu, na kwamba njiwa wale ni kazi ya Marc Lalique ya mwaka 1951, ishara ya amani. Amani! Shangazi angejua angecheka mpaka ajikune mgongo.

Sasa nisikilize, maana nimelifikiria sana hili. Hukukosea. Inaniuma kusema hivyo, lakini pua yako ilisema kweli. Fundi aliyeyachanganya, Francis Fabron, moyo wake aliuweka kwenye ua linaloitwa karnesheni, na harufu ya ua lile ni ndugu wa karafuu. Kuna kitu kimoja ndani yake, yujenoli, ndicho kilichojaa kwenye mafuta ya karafuu, karafuu hizi hizi za Pemba. Na yujenoli hiyo hiyo ndiyo madaktari wa meno wanayoichanganya na unga wa zinki wakatuliza jino. Kwa hiyo wewe ukinusa chupa ya mama unaona koleo.

Nilikuwepo siku ile. Ulikuwa na miaka saba, gego limeoza, shavu kama umebugia limao zima. Mama alijipaka Njiwa kwa sababu tunakwenda mjini, na yeye mjini haendi hivi hivi. Alikushika kichwa akakibana kifuani kwake, pua yako pale pale shingoni, mwenye kazi yake akavuta. Ulitapika kwenye basi, kwenye kitenge chake kipya. Tangu hapo, kila Krismasi mama akitoka chumbani amependeza, wewe unakwenda kusimama upande wa baba. Mama aliliona hilo. Hakukuambia kwa sababu alijilaumu. Mimi naye alinituma nikuambie ukikua, na nimechelewa kidogo, lakini na wewe hukuwa mtu wa kukaa chini ukaambiwa.

Halafu hukuyapa nafasi. Manukato ya namna hii hayahukumiwi kwenye kizibo. Unagusa nyuma ya sikio au mkononi, unaendelea na kazi zako; bandika maji ya ugali, songa, pakua, ndipo unuse. Karafuu inakuwa imeshapita. Inabaki asumini na waridi, na usiku ukiingia yanakuja ya chini kabisa, msandali na kitu laini kama shingo ya mtoto aliyeoga. Hayo ndiyo yanayokaa kwenye nguo mpaka asubuhi. Wewe umekuwa ukikimbia robo saa ya kwanza kwa zaidi ya miaka thelathini.

Na ndiyo maana nikaichukua. Ungeipeleka wapi? Chumba chako cha Dar kina jua la magharibi, kila kitu unakipanga dirishani. Manukato yanauawa na joto na mwanga. Yale ya juu, yenye limau limau, hutangulia kufa, kisha mengine yanachacha. Baridi hii ya kwetu unayoikimbia ndiyo iliyoitunza chupa ile miaka yote, ndani ya soksi, gizani. Sikuiba. Niliiacha mahali pake, basi. Usiniambie ninunue mpya nikuachie ile. Nilinusa mpya dukani nilipokuja huko kwa ile harusi. Jina ni lile lile, njiwa ni wale wale, lakini siku hizi watengenezaji wamewekewa kikomo kwenye vitu vya ukoo wa karafuu kwa sababu huwasha baadhi ya watu ngozi, na mtu anasikia pengo. Ni kama kumwona mama kwenye picha ya kitambulisho.

Tena kuna la wiki zile za mwisho. Alikuwa hali, maji tu kwa kijiko, lakini Jumapili ananionyesha sanduku kwa kidevu. Nafungua soksi, nageuza chupa, nagusisha kizibo shingoni mwake mara moja, hapa na hapa. Kisha anataka na mimi nijipake, ili wakija wa jumuiya kutusalia wasione yeye peke yake anajiremba. Wewe ulikuwa unatuma hela. Zilikuwa zinafika, asante, zilinunua pampasi na mkaa, na ninajua kazini kwako ruhusa ni ngumu. Lakini hukuwepo, mdogo wangu. Kwa hiyo uliposema "inanuka" mbele ya watu, na mimi ile harufu ninayo shingoni mwangu toka Jumapili zile, ulitegemea nifanye nini?

Nimetoka kwenye nilichotaka kusema. Nilitaka kusema la Desemba.

Binti yako alipokuja likizo alilala kitandani kwangu kwa sababu ya baridi. Usiku wa mwisho alikuta soksi akaniuliza ni nini. Nikamgusisha kizibo nyuma ya masikio na kwenye kola ya sweta. Kidogo mno, kizibo kilikuwa kikavu karibu. Akanusa akakunja uso, ule ule uso wako, akasema, "Mama mkubwa, mbona pilau?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Asubuhi akapanda basi na sweta lile lile, kutwa nzima njiani, mpaka Dar.

Usiku ukanipigia. Hukuanza hata na shikamoo. "Dada, sweta la mtoto umelifulia sabuni gani?" Nikauliza kwa nini. Ukanyamaza, nikasikia unavuta pumzi kupitia puani, polepole, mara mbili. "Basi tu," ukasema, "ananukia." Ulisema "ananukia". Nilisikia vizuri, mtandao ulikuwa umetulia.

Nikakuambia ni ya kipande, ya kawaida, ya bluu. Ukataka jina nikakutumia. Wiki mbili baadaye ukaniandikia kwamba umenunua vipande vitatu, umefulia mashuka yote, na si yenyewe.

Nikakujibu labda ni maji ya huku.