Kinundu cha Zuhura

Lindi, Jumapili jioni

Mpendwa Somoe,

Nimeipata barua yako, na kwa kuwa umeniuliza ugonjwa wa Zuhura ulianzaje, nitakueleza bila kuficha.

Nilikuwa namsuka barazani, vidole vikagusa kinundu kigumu chini ya koo, ukubwa wa punje ya korosho. Nilimpa maji, na kila alipomeza kikapanda na kushuka. Hakikumuuma hata kidogo. Majirani wakasema ni rovu, eti chumvi yetu ya mashambani haina madini joto, yaani iodini. Zahanati ya kwanza nayo ikasema hivyo hivyo, tukapoteza miezi mitano. Ni kweli upungufu huo huleta rovu, lakini vinundu vya tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya koo, kwa watoto ni vichache, na kikitokea kimoja, uwezekano wa kuwa saratani ni mkubwa kuliko kwa mtu mzima.

Dar es Salaam alipigwa ultrasaundi, kisha akachomwa sindano nyembamba ya kutoa chembechembe. Ikaonekana ni saratani ya papilari, ambayo ndiyo huwapata watoto wengi wenye saratani ya tezi hii, nayo ilikwisha kufika kwenye tezi za limfu za shingo. Daktari alinieleza kwamba kwa watoto ni kawaida kuikuta imesambaa hivyo, pengine hadi mapafuni, na bado walio wengi mno hupona. Sikumsadiki siku ile.

Tezi yote iliondolewa. Baadaye midomo na vidole vilimfa ganzi kwa kushuka kwa kalsiamu, akapewa dawa. Kisha ikaja iodini ya mionzi, na hapo ndipo palipotushinda: wiki mbili kabla yake hakuruhusiwa samaki wa bahari, dagaa, kamba wala chumvi ya madini joto, ili seli za tezi zilizobaki ziwe na njaa ya iodini na kuifyonza dawa. Mtoto wa Lindi bila samaki! Alikula wali kwa kisamvu akinitazama kama mama wa kambo. Ajabu ni kwamba iodini hiyo hiyo ya mionzi, iitwayo iodini 131, baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986, iliingia kwenye maziwa na kuwaletea watoto saratani hii.

Sasa humeza levothairoksini, dawa ya kushika nafasi ya homoni ya tezi iliyoondolewa, kila alfajiri kabla ya chai, na atafanya hivyo maisha yake yote.

Somoe, huyo kijana wako mwenye uvimbe shingoni usimngojeshe hadi mnada wa korosho. Upande au usipande anapomeza, umuume au usimuume, mpeleke wiki hii akapigwe ultrasaundi, kisha uniandikie walichokiona.

Wako akupendaye,
Mama Zuhura