Tusiwasengenye watu kwa kisingizio cha kuwaombea

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tabia iliyozoeleka miongoni mwetu Wakristo kiasi kwamba hatuioni tena kuwa ni kosa, nayo ni ya kumsengenya mtu kwa kisingizio cha kumwombea.

Aliyewahi kukaa katika kikundi cha maombi anaifahamu vizuri. Mmoja hushusha sauti na kusema, "Wapendwa, tumkumbuke dada yetu fulani, ndoa yake inapita katika kipindi kigumu," na kabla sala haijaanza maswali yameshamiminika: ni mume aliyeondoka au ni yeye aliyefukuzwa, tangu lini, na je, yale yanayosemwa ni kweli? Ikifika jioni habari imekwisha kuenea katika simu za watu ambao hawatapiga goti kwa ajili yake, na mwenyewe ndiye wa mwisho kujua kwamba anaombewa. Kwa kuwa hakuna aliyesema uongo, dhamiri hazitusuti.

Yakobo hakutenganisha ulimi na huruma. Mwishoni mwa sura ya 1 ya waraka wake anasema kwamba anayejiona ana dini ilhali hauzuii ulimi wake, dini yake haifai kitu. Na papo hapo, katika aya inayofuata, anaitaja dini iliyo safi kuwa ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Sisi tumezitenga aya hizo, hii ya wajane tukaikabidhi kamati ya misaada na ile ya ulimi tukawaachia wambea. Je, mjane anayepelekewa msaada huku nyuma tukijadili ni ugonjwa gani uliomuua mumewe, amehurumiwa? Mimi naona hakuhurumiwa hata kidogo.

Misibani kinachotuponza si nia mbaya bali ni kuuogopa ukimya, ndiyo maana tunamwambia mama aliyefiwa na mtoto kwamba Mungu alimpenda zaidi. Rafiki watatu wa Ayubu waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kumwambia neno, kwa sababu waliona jinsi maumivu yake yalivyokuwa makuu. Waliharibu pale walipofungua vinywa na kuanza kumtafutia dhambi, hata Mungu mwenyewe akawakasirikia.

Wapo watakaosema kwamba kunyamaza ni kufuga maovu. Hata hivyo, Mathayo 18 inaagiza ndugu aliyekukosea aonywe kwanza faraghani, kisha mbele ya shahidi mmoja au wawili, na kanisa liambiwe baada ya hapo. Sisi huanzia mwisho. (Aliyepigwa au kudhulumiwa ni suala jingine: huyo asinyamazishwe kwa jina la upole, bali asindikizwe kwenye vyombo vya sheria.)

Ombi langu kwa viongozi wa vikundi vya maombi ni kwamba jina la mtu lisitajwe kabla mwenyewe hajaridhia, na kwamba anayeleta ombi la mwenzake aulizwe kwanza kama amekwenda kumwona.

Msomaji wako.