Rehema, ndege wangu wamesimama kwa vichwa

Kwako Rehema,

Salamu nyingi kama kawaida, mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali. Haya, salamu zimetosha. Nina shida.

Mama Neema aliuliza nani atatengeneza kadi za Valentine, mdomo wangu ukanitangulia. Ishirini na nne! Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Leo tarehe 9 Februari nina kadi 7, na 5 kati ya hizo ndege wake wako miguu juu.

Usicheke kwanza. Ni zile za mfuko ulizonionyesha: karatasi ya sentimita 30 kwa 30 unaikata nusu, ukingo wa chini unaupandisha sentimita 5 uwe mfuko, halafu unaikunja mara moja kama kitabu. Kwa mdomo ni rahisi. Mimi nikachagua karatasi ya ndege wekundu, nzuri ajabu. Nje wamesimama wima kabisa, ila ukingo ulipopanda, wa mfukoni wakapinduka. Nilishakunja tano ndipo mwanangu akaniuliza kama wamekufa.

Kadi za mapenzi zenye ndege waliokufa, Rehema.

Sasa ndiyo naelewa kwa nini wewe hununua madoadoa na maua madogo yaliyotapakaa, hayana juu wala chini. Ndege waliobaki nitawakatia mfuko wa kipande chake, niubandike wakiwa wima. Na gundi nayo! Ile ya maji ililowesha karatasi ikafanya mawimbi, nimehamia selotepu ya pande mbili, nyembamba, pembeni tu. Vile vikadi vya kuchomeka ndani nilivikata sentimita 15 kamili, upana wa mfuko wenyewe, nikasahau kuwa selotepu inakula nafasi. Havikuingia hata kimoja. Nimevipunguza hadi 13, vinateleza.

Kinachoniudhi mpaka sasa ni mkunjo. Ukikunja hivi hivi, rangi inapasuka na weupe wa ndani unachungulia kama shimizi. Ulisema nipinde karatasi taratibu huku na huku, upande unaolegea ndio nyuzi zake zinakoelekea, nikunje kwa kuufuata. Sawa, lakini hapa mikunjo ni miwili na inakatana, mmoja lazima uwe mbishi! Nimeupa wa katikati ule upande laini, maana ndio unaofunguliwa kila mara. Wa mfuko nauchora kwanza kwa rula na kalamu iliyokauka wino. Inasaidia. Si sana.

Unamjua Esther Howland, yule Mmarekani wa Worcester aliyeanza biashara ya kadi hizi mwishoni mwa miaka ya 1840? Aliwaketisha wasichana mezani kwao, kila mmoja na kazi yake, huyu anakata, yule anabandika. Mimi meza ninayo, wasichana ndio sina. Umenielewa?

Basi Jumamosi hii unakuja au huji? Rula ya chuma unayo, au ilibaki kwa Saida? Wale ndege watano niwatupe, au mmoja nimpe Juma, si huwa hatazami kitu mara mbili? Halafu hivi kweli mligombana, au ni maneno ya Mama Neema tu?

Nijibu leo leo. Mwanangu ameshachukua mkasi.

Wako,
Asha