Bunduki za kweli zitoke kwenye seti za komedi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hizi sinema za komedi ya giza, zile unacheka huku mtu anauawa. Nazipenda sana na sisemi zipigwe marufuku, shida yangu ni bunduki zinazotumika kuzirekodi.

Chukua Pulp Fiction ya 1994. John Travolta yuko siti ya mbele, kageuka nyuma anapiga stori na kijana, bastola iko mkononi wala hana habari nayo, mara paa! imemlipua kijana wa watu usoni, na yeye na Samuel L. Jackson wanaanza kugombana kuhusu damu iliyojaa kwenye gari. Unacheka mpaka unajishangaa. Lakini kicheko chenyewe kinatokana na uzembe, yaani mwigizaji anatakiwa ashike silaha hovyo, aielekeze kwa mwenzake, na arudie hivyo hivyo mpaka dairekta aridhike. Kwenye sinema ya vita anafundishwa kushika bunduki kama askari, huku anafundishwa kinyume chake kabisa. Kwa hiyo seti ya komedi ndiyo inayohitaji ukali kuliko zote.

Watu husema aah, si risasi baridi tu hizo, zenye baruti bila kichwa cha chuma. Mwigizaji Jon-Erik Hexum, Marekani, 1984, alikuwa anasubiri kurekodi kipindi cha tivii, akajiwekea kwa utani bastola yenye risasi baridi kichwani akafyatua. Chuma hakikutoka, ila nguvu ya baruti ilivunja fuvu na kipande cha mfupa kikaingia kwenye ubongo, akafariki siku chache baadaye ana miaka 26 tu. Mwigizaji Brandon Lee naye alikufa 1993 akirekodi sinema, kichwa cha risasi kilinasa kwenye mtutu, hakuna aliyechungulia, ikapakiwa risasi baridi ikakisukuma mpaka mwilini mwake. Na Halyna Hutchins, mpigapicha mkuu wa sinema ya kaboi kule New Mexico, Oktoba 2021, walikuwa wanapanga shoti tu, mwigizaji Alec Baldwin kashika bastola aliyoambiwa ni salama, kumbe ndani kuna risasi ya kweli, ikafyatuka ikamuua Halyna! Mtunza silaha alihukumiwa miezi 18, na Halyna aliacha mtoto.

Hizo wala hazikuwa komedi. Tamthilia ya polisi The Rookie baada ya msiba ule iliacha kabisa bunduki za kweli, wakahamia za kuchezea na moto wa mtutu unawekwa na kompyuta. Wapo wanaodai mwigizaji asiposikia mshtuko wa bunduki anaonekana anadanganya, mimi sikubali, kwenye komedi watu wanachekea sura ya aliyefyatua, ule moto nani anauangalia?

Na vijana wetu mnaorekodi vichekesho vya majambazi, tafadhali msiazime bunduki ya mlinzi hata kama katoa risasi mbele yenu. Nendeni kwa seremala awachongee ya mbao, ipakeni rangi nyeusi, na kabla ya kurekodi mtaani toeni taarifa polisi na kwa majirani.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam